Msome Stelingi kwa Matendo Yake: Mwongozo wa Kuchambua Haiba ya Shujaa

Katika filamu ya Black Panther ya mwaka 2018 kuna tukio dogo ambalo watazamaji wengi hulicheka kisha wakalisahau. T'Challa, mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda aliyetawazwa majuzi tu, anaingia kwenye maabara ya mdogo wake Shuri akiwa amevaa makubazi, vidole vyote nje. Shuri anamshangaa na kumtania. T'Challa anajitetea kwamba siku yake ya kwanza kazini alitaka kuvaa kama walivyovaa wa zamani. Punde Shuri anamwonyesha mikufu miwili, kila mmoja umeficha vazi la vita ndani yake: mmoja wa dhahabu unaometameta, mwingine wa rangi ya fedha iliyotulia. T'Challa anautazama ule wa dhahabu, anakiri kuwa unamvutia, halafu anachagua wa pili kwa sababu kazi yake inataka mtu asiyeonekana.

Ukiulizwa T'Challa ni mtu wa aina gani, hapo pana ushahidi mzito kuliko mapigano mengi ya filamu hiyo. Ni mtu anayependa mambo ya wazee, asiyependa kujionyesha, na anayekubali kutaniwa na mdogo wake bila kukunja uso. Nguvu zake za chui hazikutuambia hayo. Makubazi yametuambia.

Mwongozo huu ni wako wewe unayewapenda mashujaa hawa kiasi cha kutaka kuwaelewa: mwanafunzi wa fasihi, mwandishi wa hadithi au katuni, mzazi anayetazama filamu na wanawe. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tulizoea ubishi wa aina moja: stelingi wa filamu hii akikutana na wa ile, nani atampiga mwenzake? Ni ubishi mtamu, lakini hauishi, maana nguvu za shujaa ziko mikononi mwa mwandishi. Akitaka anazipandisha, akitaka anazishusha. Haiba ni jambo jingine. Mwandishi akiivunja, hata mtoto wa darasa la tatu atasema, "Aa, huyu hawezi kufanya hivyo." Hisia hiyo ya mtoto ndiyo tunayotaka kuifanyia kazi kwa utaratibu.

Neno haiba wengi hulitumia kwa maana ya mvuto wa mtu. Hapa nalitumia kama wanavyolitumia watu wa saikolojia: jumla ya hulka ya mtu, yaani alivyoumbika, na tabia yake, yaani alivyozoea kutenda. Nitamtumia T'Challa mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa ni shujaa anayejulikana vizuri kwetu. Februari 2018 filamu yake ilionyeshwa Kisumu kwa shamrashamra, katika mji wa kwao Lupita Nyong'o, aliyecheza kama Nakia, mpenzi wa zamani wa T'Challa. Ukishaielewa njia, mchukue shujaa yeyote umtakaye.

Kwanza amua ni T'Challa yupi

Hapa ndipo wachambuzi wengi hujikwaa kabla hawajaanza safari. Shujaa wa aina hii ameandikwa na watu wengi kwa miaka mingi, na jina moja hubeba watu kadhaa.

T'Challa alizaliwa kwenye kitabu cha katuni, Fantastic Four namba 52, Julai 1966, kwa mikono ya Stan Lee na Jack Kirby. Katika kitabu hicho anawaalika mashujaa wanne wa Marekani Wakanda kama wageni wake, kisha anaanza kuwawinda mmoja mmoja. Alitaka kujipima kabla ya kupambana na Klaw, mtu aliyemuua baba yake. Mwaka 1998 mwandishi Christopher Priest alianza kumwandika mfalme msiri, mpangaji wa hatua nyingi mbele, na akafunua kwamba T'Challa alijiunga na kundi la Avengers ili awapeleleze kwa manufaa ya nchi yake. Mtu huyo haelekei kuvaa makubazi ili kuwafurahisha wazee.

Kisha yupo T'Challa wa sinema, wa Chadwick Boseman, aliyeonekana kwanza katika Captain America: Civil War mwaka 2016, halafu katika Black Panther iliyoongozwa na Ryan Coogler. Huyo ndiye nitakayemchambua. Andika juu kabisa ya ukurasa wako: "T'Challa wa sinema, 2016 na 2018." Ukichukua kitendo cha katuni ya 1966, ukaongeza cha 1998, ukamalizia na cha sinema, utapata picha ya mtu ambaye hajawahi kuwepo.

Mtenganishe pia mwigizaji na mhusika. Boseman aligunduliwa kuwa na saratani mwaka 2016, akaendelea kufanya kazi kimya kimya hadi alipofariki Agosti 2020. Ustahimilivu huo ulikuwa wake mwenyewe, na ni haki yake tumhesabie yeye. Usiuhamishie kwa mfalme wa Wakanda.

Kusanya matendo yaliyomgharimu

Chukua daftari, piga mistari miwili wima upate safu tatu. Ya kwanza andika tendo. Ya pili andika gharama: shujaa alipoteza nini au alihatarisha nini kwa kutenda hivyo? Ya tatu andika nani alikuwa akimtazama. Acha hotuba zake kando kwa sasa. Mara nyingi maneno ya stelingi yameandikwa ili sisi watazamaji tusisimke, na mtu yeyote anaweza kusema maneno mazuri yasiyomgharimu kitu.

Safu ya tatu wengi huiruka, kumbe ndiyo inayochuja zaidi. Tazama matukio mawili. Mjini Busan, Korea Kusini, T'Challa anamkamata Ulysses Klaue, mwizi aliyeisumbua Wakanda kwa miaka. Yuko tayari kummaliza palepale, lakini barabarani kumejaa watu wanaomrekodi kwa simu, na mwenzake anamkumbusha kwamba dunia inaona. Anamwacha hai. Hiyo ni huruma au ni kujali sura? Hatuwezi kujua. Tendo lile lina mashahidi mia moja, kwa hiyo lipe uzito mdogo.

Sasa rudi kwenye Civil War. Baba yake, Mfalme T'Chaka, ameuawa kwa bomu mjini Vienna. Kwa sehemu kubwa ya filamu T'Challa anamsaka Bucky Barnes akiamini ndiye muuaji. Mwishoni anagundua kwamba aliyefanya ni mtu mwingine aitwaye Zemo. Anamkuta ameketi peke yake kwenye theluji, kimya, hana mlinzi. Kucha za T'Challa ziko tayari. Hakuna simu ya mtu yeyote inayorekodi, wala mzee wa baraza, wala mwenzake yeyote. Angemuua, na hakuna ambaye angemlaumu. Hamuui. Zaidi ya hapo, Zemo anapojaribu kujipiga risasi, T'Challa anamzuia ili akajibu mbele ya sheria. Tendo kama hilo lipigie mstari mwekundu.

Kigezo cha pili: tafuta sehemu ambapo shujaa amenyang'anywa nguvu. Black Panther imetupa zawadi ya wazi hapa, kwa sababu sheria za Wakanda zenyewe zinadai hivyo. Siku ya kutawazwa, pale kwenye maporomoko ya maji, Zuri, mzee wa mila, anamnywesha T'Challa dawa inayomwondolea nguvu za chui. Sasa ni kijana wa kawaida aliyesimama ndani ya maji, mbele ya kila kabila isipokuwa moja. Kisha wanatokea Wajabari wa milimani, na kiongozi wao M'Baku anataka kiti.

Litazame pambano hili polepole ukiweza, mara mbili au tatu. M'Baku ni mkubwa kwa umbo, anampiga vichwa, anamchoma mkuki. T'Challa anayumba. Mama yake anampigia kelele amwonyeshe yeye ni nani. Anainuka, anapambana hadi anamkaba M'Baku shingo ukingoni kabisa mwa maporomoko. Kwa kanuni za mchezo ule, anaweza kumwacha afie mikononi mwake na hakuna atakayemhesabia kosa. Badala yake, huku damu inamtoka, anamsihi. Anamwambia akubali kushindwa, kwa sababu watu wake wanamhitaji. Mtu ambaye dakika moja iliyopita alikuwa anakaribia kuuawa, wazo linalomjia ni watu wa milimani watakaobaki bila kiongozi. Mapambano yote mawili ya maporomoko, hili na lile la baadaye na Killmonger, adui yake mkuu, T'Challa anapigana akiwa mtu mtupu. Moja anashinda na jingine anashindwa, lakini namna yake ya kutenda ni ileile.

Yapo mengine ya kuandika, nitayapita haraka. Everett Ross, jasusi wa Kimarekani, anapigwa risasi akimkinga Nakia. T'Challa anaamua kumpeleka Wakanda akatibiwe ingawa Okoye, jemadari wake, anampinga na siri ya vizazi ya teknolojia ya Wakanda itafichuka. Alikuwa amemwahidi rafiki yake W'Kabi kwamba atamleta Klaue. Anarudi mikono mitupu na urafiki unaanza kupasuka. Killmonger anapoletwa amefungwa pingu na kudai haki ya kupigania kiti, T'Challa anakubali. Angeweza kumtia gerezani. Lakini alishaambiwa na Zuri kwamba mwaka 1992, kule Oakland, baba yake alimuua ndugu yake N'Jobu, baba wa Killmonger, na kumwacha mtoto huyo nyuma. Akiwa anajua kwamba mdai ana haki kwa damu na kwa sheria, anaingia tena majini.

Onyo moja kabla hatujaendelea. Kwetu, mtu hahukumiwi kwa alichokisema msibani. Fanya hivyohivyo kwa mashujaa. T'Challa wa 2016 ni mwana aliyefiwa juzi, na mchambuzi anayemwona tu kwenye filamu hiyo ataandika "mwenye hasira, mwepesi wa kisasi". Hasira ile ni ya matanga. Kama unataka hulka yake, mtafute siku za kawaida: kwenye maabara na dada yake, sokoni akitembea na Nakia, au kwa W'Kabi wakizungumza kando ya vifaru.

Yape matendo majina ya Kiswahili

Usikimbilie herufi za Kiingereza bado. Kama umepita shule ya sekondari Kenya au Tanzania, umeshafanya nusu ya kazi hii kwenye somo la fasihi bila kujua: "Taja sifa za mhusika mkuu na utoe mifano." Udhaifu wetu shuleni ni kwamba tulizoea kutumia sifa sita zilezile, mkarimu, jasiri, mvumilivu, mwenye busara, hadi wahusika wote wakafanana kama sare.

Na neno sahihi lina thamani kubwa katika kazi hii. Mwaka 1936 wanasaikolojia Gordon Allport na Henry Odbert walipekua kamusi ya Kiingereza na kuokota karibu maneno 18,000 yanayotofautisha mtu na mtu. Wazo lao lilikuwa rahisi: jambo lolote ambalo binadamu wamelijali kuhusu wenzao, lugha itakuwa imeshalipa jina. Miongo iliyofuata watafiti waliyachuja na kuyapanga maneno ya namna hiyo, na kutokana na juhudi hizo ukatokea mfumo wa vipimo vitano vya haiba, unaoheshimiwa kuliko yote katika utafiti leo. Kwa maneno mengine, sayansi hii ilianzia kwenye kamusi. Basi na sisi tuanzie kwenye yetu.

Mpole si mnyonge. Mtulivu si mkimya. Kuna mtu mkaidi, mtu mbishi, mtu jeuri na mtu mwenye msimamo. Wote wanne hawapindi, lakini nani angependa kuoa au kuolewa bila kujua ni yupi kati yao? Tumia tofauti hizi kama chekeche.

T'Challa ni mtulivu, si mkimya, kwa sababu anapokuwa na Shuri au Okoye anatania na kutaniwa. Ni mpole, lakini muulize M'Baku kama ni mnyonge. Ana haya: Okoye alimwonya asigande atakapomwona Nakia, na akaganda. Je, ni mkaidi? Hapa lazima uangalie mwisho wa filamu. Mkaidi akionyeshwa ukweli hubaki palepale. T'Challa, anaporudi mara ya pili kwenye nchi ya mizimu na kukutana na baba yake, anamwambia usoni, na kuwaambia wahenga wote waliosimama nyuma, kwamba walikosea. Aliyewapenda wazee hadi kuvaa makubazi yao ndiye anayewaambia hivyo. Huyo ana msimamo, na msimamo wake uko kwenye haki kuliko ulivyo kwenye mazoea.

Ukishampata shujaa, mpime kando ya adui yake, kwa sababu mwandishi mzuri huwachonga kutoka gogo moja. Killmonger ni jasiri na mwerevu, pengine kumshinda T'Challa. Lakini Kiswahili kina neno linalomkaa kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo chake: ana kinyongo. Haikuwa hasira ya siku moja, maana hasira huwaka ikazima. Kinyongo kilikaa tumboni tangu utotoni, kikasoma, kikajifunza vita, kikajichora makovu mwilini, moja kwa kila mtu aliyemuua. Na mkufu aliouchagua Killmonger alipotwaa ufalme ni ule wa dhahabu.

Sasa nenda kwenye herufi

Mfumo unaopendwa zaidi na mashabiki ni ule wa herufi nne, wenye aina 16. Mizizi yake ni kitabu cha Carl Jung cha mwaka 1921 kuhusu aina za watu. Waliougeuza kuwa dodoso ni Wamarekani wawili, Katharine Briggs na bintiye Isabel Briggs Myers, ambao hawakuwa wamesomea saikolojia rasmi. Isabel aliwahi kuandika riwaya ya upelelezi kabla ya kuanza kazi hiyo. Naona hilo si aibu kwetu tunaochambua wahusika wa kubuni. Mama na binti walikuwa na jicho la watu wa hadithi.

Herufi ya kwanza inauliza mtu anapata nguvu wapi: ndani mwake (I) au kwa kuchangamana na wengine (E). Usiichanganye na haya. Angalia shujaa akikwama anakwenda wapi. T'Challa akikwama hatafuti umati. Anamtafuta mtu mmoja, au anakwenda kwa wafu wake. I.

Ya pili ndiyo yenye ubishi. S ni mtu anayeamini kilichokwisha kuthibitika, kinachoshikika, kilichofanyika jana kikafaa. N ni mtu wa picha kubwa na ya uwezekano, anayeishi kesho. Wengi humpa T'Challa N kwa kuwa ndiye aliyeifungulia Wakanda milango ya dunia. Mimi siafiki. Fuatilia wazo lile lilianza kwa nani. Nakia alilisema mapema, kwamba Wakanda inaweza kuwasaidia wengine na bado ikajilinda. Killmonger alilisema kwa ukatili. Jibu la kwanza la T'Challa kwa wote ni jibu la mababu: tujifiche, tulinde vyetu. Habadiliki kwa kuota ndoto mpya. Anabadilika kwa kuonyeshwa kosa halisi, lenye jina na mwaka, lililotendwa na baba yake mwenyewe kwa mtoto halisi. Huo ni mwendo wa S, na nauona ni mzuri kuliko ule wa manabii, kwa sababu unamuuma mwenyewe.

Ya tatu: je, anaamua kwa mantiki na kanuni (T) au kwa kupima watu na thamani (F)? Ross kitandani, M'Baku ukingoni, na Killmonger mwishoni, ambaye T'Challa anajitolea kumtibu hata baada ya yote. F, bila shaka yoyote. Ya nne inatofautisha mtu wa ratiba na ahadi (J) na mtu anayeacha milango wazi (P). Mtu anayekubali kupigania kiti alichokwisha kukikalia kwa sababu utaratibu unasema hivyo ni J.

Hukumu yangu basi ni ISFJ, aina ambayo wengi huiita ya mlinzi. Na T'Challa wa Priest, yule msiri wa 1998? Huyo ni INTJ, mpangaji wa mbali. Ukiwaweka pamoja utaona jambo ambalo mimi mwenyewe lilinichukua muda kulikubali: kwa haiba, Killmonger wa sinema yuko karibu zaidi na T'Challa wa katuni kuliko T'Challa wa sinema alivyo.

Lakini usifunge ndoa na herufi hizi. Zinamkata mtu vipande viwili mahali ambapo watu wengi wako katikati, na ndiyo maana wengi wakirudia dodoso baada ya wiki chache hupata herufi tofauti. Kwa hiyo malizia kwa vile vipimo vitano, ambavyo havikati, vinapima kama ngazi. Mpe shujaa wako alama kati ya 1 na 10. T'Challa nampa hivi: uwazi kwa mambo mapya 5, uwajibikaji 9, uchangamfu 4, upole kwa wengine 8, na msukosuko wa hisia 3. Andika kando ya kila alama tendo moja kutoka kwenye safu zako. Alama isiyo na tendo, ifute.

Mitego mitatu

Wa kwanza ni barakoa. Bruce Wayne, ambaye alitokea mwaka 1939, huonekana kwenye karamu akicheka na kumwaga pesa, na mchambuzi wa haraka atamwita mchangamfu. Kumbe ule ndio uigizaji, Batman ndiye yeye. Peter Parker ni mnyonge shuleni lakini akiwa Spider-Man anatania bila kukoma, na hapo itabidi uamue ni lipi linamfunika lingine. Tony Stark alijitangaza kuwa Iron Man mbele ya waandishi wa habari mwaka 2008, hana barakoa ya kujificha, ana ya kujionyesha. Kanuni yangu ni kumtafuta shujaa akiwa na mtu anayemjua kwa pande zote mbili. Kwa Batman ni Alfred, mtumishi wake. Kwa T'Challa ni Shuri.

Wa pili ni kujiona mwenyewe. Mtu akimpenda shujaa humpa herufi zake. Mwombe mtu asiyempenda shujaa huyo ayasome matendo uliyokusanya, bila jina, akuambie anamwonaje.

Wa tatu ni kudhani shujaa akibadilika basi aina yake imebadilika. Walimu wa fasihi hututofautishia mhusika bapa, asiyebadilika, na mhusika duara, anayekua. T'Challa ni duara. Hata hivyo Waswahili walisema tabia ni kama ngozi, na kwake usemi huo unasimama. Mwanzoni anailinda Wakanda kwa kuificha. Mwishoni anailinda kwa kuifungua, anaanza na jengo la Oakland palepale baba yake na baba yake mdogo walipokosana. Njia imegeuka, mlinzi ni yuleyule. Shujaa wako akigeuka, andika mistari miwili: kilichogeuka na kilichobaki. Kama hakuna kilichobaki, mwandishi amekosea, na una haki ya kumlaumu.

Sasa chukua daftari ufanye mwenyewe, na kwa zoezi la kwanza nakuomba usiende Marekani. Mchukue Fumo Liyongo, shujaa wa Waswahili, kama alivyo katika utenzi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913, ili usiwachanganye Liyongo wa masimulizi mbalimbali. Ana nguvu za kutisha na mahali pamoja tu pa kumuua, kitovuni, kwa sindano ya shaba. Usianze na hizo nguvu. Anza gerezani, alipokuwa hana kitu ila akili yake, tupa ikaingia ndani ya mkate wa wishwa na ngoma ya gungu ikafunika sauti ya minyororo ikikatwa. Kisha nenda kwa mwanawe, anapomuuliza kitu gani kinaweza kumuua. Liyongo anatambua kwamba mtoto ametumwa. Anamwambia. Andika tendo hilo kwenye safu ya kwanza, gharama yake kwenye ya pili, na kwenye ya tatu nani alikuwa akimtazama. Kisha tafuta neno la Kiswahili linalomtosha baba yule, na usikubali la kwanza litakalokujia.